Kamera umenunua wewe, lakini nani mwingine anatazama?

Jumatatu moja baada ya Isha simu yangu ililia. Alikuwa shemeji yangu, mume wa dadangu mdogo, wanaoishi Kisauni. Alikuwa akizungumza kwa sauti ya chini, kama mtu asiyetaka asikike chumba cha pili.

"Shemeji, hizi kamera zangu, nataka kumuongeza kijana naye awe aona nyumbani akiwa huko chuoni. Simu yaniambia sina ruhusa. Vipi niwe sina ruhusa na kamera ni zangu?"

Nikamwambia aingie kwenye mipangilio anisomee kilichoandikwa. Akanisomea polepole kwamba kifaa kile ameshirikishwa na mtu mwengine, kisha akataja nambari ya simu. Tukaijua sote wawili. Ilikuwa nambari ya fundi aliyewafungia kamera miezi minne nyuma.

Ndugu msomaji, kama hujawahi kushughulika na vifaa hivi, maana yake ni kwamba kwa mujibu wa kamera zenyewe, mwenye mali alikuwa fundi. Shemeji yangu, aliyetoa pesa, alikuwa mgeni aliyepewa idhini ya kuchungulia. Na katika zile kamera nne, moja yatazama uani.

Dadangu alipoelewa alikaa kimya kwanza. Kisha akauliza, "Kwa hivyo miezi minne nafua na kupika hapa kichwa wazi, na mtu aweza kuniona wakati wowote atakao?" Jibu lilikuwa ndiyo, aweza. Kama aliwahi kutazama au hakutazama ni jambo jengine, na mimi sitaki kumdhania mtu vibaya. Lakini mlango ulikuwa wazi, na sisi hatukujua kwamba kuna mlango.

Nimeamua kuandika juu ya jambo hili kwa sababu siku hizi hapa Pwani kila nyumba ya pili ina kamera. Watu wameingiwa na hofu ya vijana wenye visu, wanaitafuta amani yao, na hakuna wa kuwalaumu. Mimi diploma yangu ni ya umeme, niliipata Mombasa Polytechnic kabla haijawa Chuo Kikuu cha Kiufundi, na nimefunga kamera za jamaa na marafiki nyingi za kutosha kujua wapi watu hukosea. Mara nyingi kosa haliwi ukutani. Huwa kwenye yale mambo ya nusu saa ya mwisho, fundi akiwa ashachoka, na mwenye nyumba ashaona picha kwenye simu akafurahi.

Kwanza tuelewane kuhusu kifaa chenyewe. Kamera za zamani zilikuwa jicho tu: zilituma picha kwa waya mnene hadi kwenye mashine ya kurekodi, basi. Kamera ya mtandao ni kompyuta ndogo yenye jicho. Ina programu yake ndani, ina anwani yake kwenye mtandao wa nyumba kama vile simu yako au televisheni, ina jina la mtumiaji na neno la siri. Ikiwa ni kompyuta, basi yaweza kuingiliwa kama kompyuta.

Ziko za waifai na ziko za waya. Watu hupenda za waifai kwa kuwa hazina kazi nyingi. Mimi nikiulizwa husema waya, hasa kwa nyumba za Mji wa Kale. Kuta zile za mawe ya matumbawe na chokaa ni nene, na waifai ikipita ukuta mmoja huwa imechoka, ukiwa wa pili imekufa. Tena ya waifai nayo yahitaji waya wa stima, kwa hivyo drili utaishika tu. Kamera ya waya wa mtandao ina raha moja: stima na picha hupita kwenye waya huohuo mmoja, mfumo ambao mafundi huuita PoE. Unaweka swichi moja yenye uwezo huo karibu na rauta, na kila kamera inapata waya wake. Usivuke mita 100 kutoka swichi hadi kamera, na kwa nyumba zetu za kawaida huwezi kufika huko.

Lakini utazame waya unaouziwa. Uko wa shaba halisi, na uko wa aluminiamu uliopakwa shaba juu. Kwa macho ni ndugu. Chukua kisu, ukwangue uzi mmoja: ukiona weupe ndani, mrudishie mwenye duka. Ule wa aluminiamu hupoteza stima njiani na hukatika upesi, na kamera itakuwa yazimika usiku taa zake zinapowaka, kwa sababu hapo ndipo inapohitaji stima zaidi. Nimeona mtu akibadilisha kamera mara mbili kwa kosa la waya.

Kisha kuna bahari yetu. Hewa ya chumvi hula kila chuma, na hula kwanza pale waya wa kamera unapoungana na waya wa ukutani. Usikubali muungano ule uachwe ukining'inia nje umezungushiwa tepu nyeusi. Uingizwe ndani ya kisanduku cha plastiki kisichopitisha maji, na waya kabla ya kuingia ushushwe kidogo chini kama tumbo, maji ya mvua yadondoke hapo badala ya kufuata waya hadi ndani. Kusi likianza kuvuma na mvua zake, utajua ni kwa nini.

Kwa kuiweka, mazoea ya wengi ni kuipandisha juu kabisa ili isiibiwe. Matokeo yake ni picha nzuri sana za kofia. Mita mbili na nusu hadi tatu zatosha, chini ya upenu. Usiielekeze moja kwa moja jua linakotoka wala linakozama, mtu atakuwa kivuli cheusi. Lenzi ya milimita 2.8 huona upana mkubwa, nzuri kwa uani au chumba, lakini uso wa mtu aliye mbali hautambuliki. Kwa kichochoro kirefu au lango, chukua ya milimita 4 au 6, huona upana mdogo lakini hufika mbali zaidi. Na usiku zile taa ambazo jicho halizioni zikigonga ukuta ulio karibu, picha yote huwa nyeupe. Buibui nao huzipenda sana. Kila baada ya wiki kadhaa pitisha ufagio.

Sasa nije kwenye ile nusu saa ya mwisho.

Mimi hupanga kamera ikiwa bado mezani, kabla ya kupanda ngazi. Naiunganisha na rauta, natafuta imepewa anwani gani, naifungua kwa kompyuta. Rauta nyingi za nyumbani huwa ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1, nazo hugawa anwani kwa vifaa vinavyokuja na kuondoka. Kamera haifai kuwa na anwani ya kubahatisha, kwani stima ikikatika na kurudi yaweza kupewa nyengine, na mashine ya kurekodi ikaitafuta isiione. Naipa ya kudumu, tuseme 192.168.1.201, nje ya fungu ambalo rauta hugawa, na naandika nambari hiyo kwenye karatasi inayobaki na mwenye nyumba.

Halafu neno la siri. Kamera nyingi za miaka ya nyuma zilikuja na jina "admin" na neno la siri kama 12345, na watu wakaziacha hivyohivyo. Mwaka 2016 ikatokea programu mbaya iliyoitwa Mirai. Ilikuwa yazunguka intaneti nzima ikibisha hodi kwenye kamera, mashine za kurekodi na rauta, ikijaribu orodha ya majina na maneno ya siri ya kiwandani, kama 60 hivi. Penye mlango uliofunguka iliingia. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo jeshi la vifaa hivyo lilielekezwa kwenye kampuni ya Dyn ya Marekani, na kwa saa kadhaa watu wakawa hawawezi kufungua Twitter wala Netflix. Wenye zile kamera hawakujua lolote. Kamera zao ziliendelea kuonyesha mlango wa mbele kama kawaida.

Kamera za sasa nyingi hulazimisha uweke neno la siri jipya mara ya kwanza. Vizuri, lakini mafundi wengi huweka lilelile kwa wateja wao wote, na mara nyingi ni jina la duka lao na mwaka. Wewe simama hapo uliandike mwenyewe, refu, lisilokuwa la waifai wala la barua pepe yako. Ukimaliza, tazama kama kuna watumiaji wengine ndani ya kamera. Kama huwajui, wafute.

Baada ya hapo nenda kwenye rauta uzime kitu kinachoitwa UPnP. Hicho huruhusu kifaa kilicho ndani kifungue mlango wa kuelekea nje bila kukuuliza. Na fundi akikwambia atakufungulia "port" ili uone kamera ukiwa mbali, mwambie hapana. Hiyo ndiyo njia inayoifanya kamera yako ipigiwe hodi na dunia nzima. Siku hizi kamera hutumia njia nyengine: yenyewe hutoka kwenda kwa mtambo wa kampuni iliyoitengeneza, na simu yako nayo huenda hukohuko, zikakutana. Ni salama zaidi ya mlango wazi, ila sasa usalama wako wote unasimama juu ya ile akaunti ya simu.

Hapo ndipo shemeji yangu alipokwama. Kamera ya namna hii huandikishwa kwenye akaunti moja tu, ya yule aliyepiga picha kile kibandiko cha mraba chenye madoa meusi. Fundi alipomaliza kufunga, alitumia simu yake mwenyewe, akaona picha zinakuja, kisha akamshirikisha mteja. Hufanya hivyo kwa wateja wote. Kwake ni urahisi, kwani mteja akimpigia kuwa kamera haionekani, yeye huitazama akiwa kwake bila kupanda matatu. Lakini aliyeshirikishwa hawezi kumtoa aliyemshirikisha. Na usidhani kubonyeza kile kitufe cha kuirudisha kamera kama ilivyotoka kiwandani kutakusaidia. Kwa nyingi, kitufe hufuta neno la siri na mipangilio, lakini uandikishaji uko kwa kampuni huko nje, hauguswi. Ni lazima mwenye akaunti aiondoe kamera mwenyewe kwenye simu yake, au uiandikie kampuni ukiwa na risiti na nambari ya kamera, na usubiri.

Kwa hivyo siku fundi anapokuja, simu itakayopiga picha kibandiko iwe yako, kwa akaunti uliyoifungua wewe, kwa barua pepe yako. Kisha ukipiga picha, kibandiko kile ukifunike au ukitoe kwenye kisanduku unachotupa jaani. Fundi akihitaji kuona kwa ajili ya matengenezo, mshirikishe wewe, na akimaliza mtoe.

Saa ya kamera pia watu huidharau. Rafiki yangu mwenye duka la nguo alivunjiwa usiku. Kamera ilirekodi kila kitu, mtu anaonekana hadi viatu. Akaipeleka kituoni kwa furaha. Afisa akatazama, akauliza, "Bwana, saa moja na dakika kumi asubuhi kuna giza hili?" Kamera ilikuwa bado kwa saa za China, GMT+8, na sisi ni GMT+3. Wizi ulifanyika saa nane na dakika kumi usiku, picha ikaandika 07:10. Ilibidi aanze kueleza habari za majira ya dunia mbele ya meza ya polisi. Weka GMT+3, kisha washa ile sehemu inayoifanya kamera isahihishe saa yake kwa intaneti. Kama shauri litafika mahakamani, kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka rekodi ya kielektroniki iambatane na cheti cha mtu anayehusika na kifaa, kikieleza rekodi ilivyopatikana. Ni vigumu kutia sahihi cheti cha saa usiyoiamini.

Kuhusu kuhifadhi, hesabu ni nyepesi. Kamera moja ikirekodi mfululizo kwa kasi ya megabiti 2 kwa sekunde hula kama gigabaiti 21.6 kwa siku. Kamera nne ni kama 86. Diski ya terabaiti 1 itakupa siku 11 hivi, kisha huanza kujiandika juu ya za zamani. Watu wengi hugundua wameibiwa baada ya kurudi safari ya wiki mbili, na rekodi ishafutika. Zidisha diski, au ziambie kamera zirekodi panapokuwa na mwendo tu. Mashine ya kurekodi usiiweke sebuleni chini ya televisheni, ataondoka nayo huyohuyo mwizi. Na iwe pamoja na rauta na swichi kwenye betri ya akiba, maana stima yetu mwaijua, na wezi nao waijua.

Sasa tugeuze upande, kwa sababu si fundi peke yake anayeweza kuona asichopaswa. Hata wewe. Mji wa Kale, nyumba zetu zinatazamana mlango kwa mlango, kichochoro upana wa mikono miwili. Kamera yako ya barazani inaona ngazi ya jirani, dirisha lake la juu, na wake zake wakitoka. Sisi tumefundishwa kupiga hodi mara tatu na kurudi tukinyimwa, na Surat al-Hujurat inakataza wazi kupelelezana. Sioni hilo likibadilika kwa sababu jicho limekuwa la plastiki.

Nayo sheria ipo. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 imeweka Kamishna wa kupokea malalamiko. Matumizi ya nyumbani kabisa, ya mtu binafsi, yameachwa nje ya sheria hiyo. Lakini kamera inayorekodi njia ya watu na mlango wa jirani, mimi nisingeenda mbele ya Kamishna nikadai ni mambo ya nyumbani kwangu tu. Wenye biashara nao wajue: kanuni za usajili za 2021 zimesamehe biashara ndogo, ila zimezitaja wazi kamera za CCTV za kuzuia uhalifu miongoni mwa shughuli zisizopata msamaha huo. Duka dogo la Marikiti lenye kamera mbili yafaa liulizie usajili.

Dawa ya jirani ni rahisi na watu hawaitumii. Ndani ya mipangilio kuna sehemu ya kuziba: unachora kisanduku cheusi juu ya dirisha au mlango wa mwenzio, na kamera hairekodi hapo hata wewe ukitaka. Ukimaliza, muite jirani aje aone kwenye simu yako. Nimeshuhudia ugomvi wa mwaka mzima ukiisha kwa namna hiyo. Ukinasa na sauti ni mbaya zaidi, kwa sababu watu hukaa barazani wakasema ya nyumbani mwao. Mimi huzima maikrofoni kwa kamera zote za nje.

Tuliyafanya haya Kisauni siku ya pili yake. Shemeji alimpigia fundi, na mimi nikamuomba asianze kwa ukali. Kijana alikuja jioni, akaelezwa, na alipofahamu kuwa kamera ya uani imo kwenye simu yake pamoja na za wateja wengine, uso wake ulibadilika. Naamini hakuwa amelifikiria hata siku moja. Alizitoa zote nne mbele yetu. Shemeji akaziandikisha upya kwa akaunti yake, akaandika maneno mapya ya siri, akamshirikisha kijana wake kwa kamera mbili tu, ya lango na ya gereji. Tuliporekebisha saa tulikuta zimechelewa dakika tisa.

Ile ya uani dadangu alitaka itolewe kabisa. Shemeji akasema ukuta wa nyuma ndio wezi waliopandia mwaka jana. Mwisho tukapanda ngazi tukaigeuza ielekee juu ya ukuta na mlango wa nyuma peke yake, sehemu ya jiko tukaiziba kwa kisanduku cheusi. Mamake shemeji, bi mkubwa wa nyumba, akaletewa simu aitazame. Akavaa miwani, akaisogeza karibu, akatwambia bado kamba ya nguo yaonekana upande wa kushoto. Nikapanda tena.